Zamu ya Usiku ni ya Nani?

Katika darsa letu kijana mmoja aliyekuja likizo kutoka Kericho aliuliza swali: mwajiri akizitimiza saa zote zilizowekwa na serikali, je, amekwisha kutoka katika dhima ya wafanyakazi wake? Wako waliojibu papo hapo kwamba ametoka. Mimi naona jibu hilo lina haraka.

Sisi watu wa pwani chai twaijua ikiwa kikombeni, au ikiwa ghalani yangoja meli, kwani mnada wake uko Mombasa tangu mwaka 1969. Hali yake usiku, huko inakotoka, hatuijui. Jani likishachumwa Bomet au Kericho halingoji mtu. Lisiponyaushwa, likakatwa na kukaushwa kwa wakati wake, huharibika. Lililofika kiwandani jioni hushughulikiwa usiku kucha. Basi hapana budi wapatikane watu wa kukesha, na baridi ya nchi ile, iliyo juu kiasi cha mita 2,000, si baridi yetu ya kipupwe. Kukesha kwenyewe si haramu. Baharia hukesha, na mkunga, na mvuvi.

Natuseme mtu ana kiwanda kidogo, na mashine moja ameiwekea watu wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, saa 12 kila mmoja, siku sita. Hizo ni saa 72 kwa wiki. Amri ya jumla ya mishahara ya Kenya, kwa kazi zisizokuwa na amri yake makhsusi, imeweka saa 52 kwa wiki ya siku sita, na 60 kwa kazi ya usiku. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, na za siku ya mapumziko mara mbili. Hata hizo za ziada zina ukomo: pamoja na za kawaida zisipite 116 katika wiki mbili, na kwa mtu wa usiku zisipite 144. Mtu wetu wa mchana amefika 144. Amevushwa mpaka kwa saa 28, hata kama amelipwa zote. Wa usiku yuko ukingoni khasa. Mwenye kiwanda akiajiri mtu wa tatu, na kila mmoja akafanya saa 8, zitakuwa 48, na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, iliyoamriwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, itapatikana. Sheria hiyo yataka pia saa za kazi ziandikwe, na zikibadilishwa mfanyakazi ashauriwe, kisha aarifiwe kwa maandishi. Ikifika mahakamani na karatasi haionekani, mzigo wa kuthibitisha humwangukia mwajiri.

Hapa ndipo waliposimama wale waliosema "ametoka". Lakini sheria imezihesabu saa. Haikusema nani azibebe zilizo nzito. Yumkini watu watatu wana saa 48 kila mmoja, na daftari ni safi, kumbe wa usiku ni yule yule mwaka mzima, kwa kuwa ni mjane asiye na wa kumsemea, na wa asubuhi ni mpwa wa mwenye kiwanda. Surat an-Naba' imetufahamisha usiku umewekewa nini na mchana umewekewa nini. Aliyechukuliwa usiku wake wote hakuchukuliwa saa nane tu. Amechukuliwa na usingizi wake, na maongezi ya watoto wake. Tena neno lenyewe zamu ni kupokezana. Isiyozunguka yaitwaje zamu?

Itasemwa: amekubali mwenyewe, na sahihi yake iko. Kweli, wako wautakao usiku, ili mchana wapate kulima shamba lao, na hao waachiwe. Lakini ridhaa hujulikana kwa kitu kimoja: je, mwezi ujao aweza kusema "nirejesheni mchana" asipoteze mkate wake? Kama hawezi, alilotia sahihi ni njaa yake.

Vivyo hivyo adhuhuri ya Ijumaa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, imekataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini yake, na ni haki ya Mwislamu kuomba abadilishiwe zamu. Akishapewa, naye aishike Jumapili ya mwenziwe Mkristo bila ya kununa. Nasema haya kwa kuwa tu wepesi wa kuomba.

Wala tusidhani mambo haya ni ya bara peke yake. Katika miji yetu wako walinzi wa misikiti waingiao magharibi na kutoka alfajiri, usiku saba kwa saba. Ni saa 84. Kila Ramadhani kamati huwapa kanzu na tende, na watu husifu. Sijapata kusikia kamati ikimwuliza mmoja wao siku yake ya kupumzika ni ipi.