Bakuli Lisilopakuliwa

Ukifika Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, utaona magofu ya msikiti wa kale, na karibu yake makaburi ya mawe na chokaa, mengi yao ya karne ya 18 na 19. Mengine yana nguzo, na waashi walizipamba kwa vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina kwa njia ya bahari. Makaburi ya nguzo yako Kaole pia, na Malindi, na kwingineko pwani. Watu husema, Hayo ni mapambo, ni dalili ya utajiri tu. Ni kweli, maskini hakuwa na kaure. Walakini je, jibu hilo latosha?

Tufikiri kazi ya bakuli. Bakuli hupakuliwa, huoshwa, huazimwa na jirani siku ya karamu. Aliyelitia katika chokaa mbichi alijua ya kuwa chokaa ikikauka hataweza kulitoa likiwa zima. Tangu siku ile hakuna mgeni atakayepakuliwa wali humo. Alikubali kupungukiwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kumshukuru.

Basi, je, ni haki kumnyima aliye hai ili kumheshimu aliyekufa? Yuko mjane afungiaye kikombe cha bati cha mumewe kabatini, na mjukuu akikishika kwa kiu hupigwa. Kikombe kile kimekuwa bwana wa nyumba. Yuko mwingine hukitoa kila jioni, hutia chai, humpa mtoto, na kumwambia, Babu yako alipenda sukari nyingi. Ni yupi amkumbukaye mumewe zaidi? Mimi nasema ni wa pili. Lakini wa kwanza nisingemhukumu upesi, maana msiba ukiwa mpya hata kijiko hutia uchungu, na wenye kumshauri autupe mbali ukumbusho wake mara nyingi hawajazika mtu.

Na bakuli la kaburini? Halikufungiwa, kila apitaye aliliona. Mwenyewe alitoa chake, hakumnyang'anya mtoto. Hapo ndipo naona tofauti.

Mahali pengi pwani vyombo hivyo vimebanduliwa, yamebaki matundu ya mviringo katika chokaa. Aliyebandua amepata sahani, pengine vigae tu. Nawe ukilitazama tundu, bado waweza kuujua ukubwa wa bakuli lililotolewa.