Ajali, Dhamana na Bushi ya Tairi

Neno ajali liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, hasa kikomo cha uhai wa mtu, na kwa hiyo hata leo Mswahili anaposema kwamba ajali haina kinga, ndani ya usemi huo mna imani kuwa yapo matukio yaliyokwisha kuandikwa ambayo binadamu hana uwezo wa kuyakwepa. Imani hiyo ni nzito na ina heshima yake. Lakini katika gereji za Gerezani, jirani na soko la Kariakoo, ambako magari madogo ya zamani huendelea kutembea kwa vipuri ambavyo kiwanda hakivitoi tena, imani hiyo hukutana kila siku na swali gumu: katika yale yatakayotokea barabarani, ni lipi lililo la Mungu peke yake, na ni lipi lililopita kwanza mikononi mwa fundi?

Bushi yatosha kuwa mfano. Hicho ni kipande kifupi cha mpira kilichogandishwa kati ya bomba mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, nacho hukaa pale ambapo mkono wa chini wa gurudumu unaungana na bodi ya gari. Mkono unapopanda na kushuka juu ya mashimo, mpira hujinyonga na kujinyongoa wenyewe, bila chuma kusuguana na chuma. Mwenye Toyota Starlet, gari lililoacha kutengenezwa mwaka 1999, akizunguka maduka ya spea ya Kariakoo na asipate bushi inayofaa, iwe mpya au ya mtumba kutoka Japani, fundi humkatia moja kutoka kwenye tairi kuukuu, au humkerezea ya nailoni, kisha huisukuma kwa presi ndani ya tundu la zamani. Mpira wa tairi umekwisha kupikwa kwa salfa, kwa hiyo hauyeyuki ukamiminwa upya katika kalibu. Hukatwa tu, pamoja na nyuzi zilizomo ndani yake na pengine waya, ambazo taratibu huusaga mpira unaozizunguka. Tena haukugandishwa na chuma, hivyo mahali pa kujinyonga huteleza, na kila mtelezo hupunguza unene wake kidogo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba aibu imo katika mpira au katika ubadala wenyewe. Gari la Mini, lililobuniwa na Alec Issigonis na kutolewa Uingereza mwaka 1959, halikubebwa na springi za chuma bali na mapande ya mpira, kazi ya mhandisi Alex Moulton, na hakuna aliyeliita gari la kuungaunga. Kwa upande mwingine, hata bushi ya kiwandani huharibiwa na mkono wenye haraka: bolti yake sharti ikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote juu ya magurudumu, maana ikikazwa gari lingali juu ya jeki, mpira huanza kazi ukiwa umekwisha kunyongwa, nao huchanika kabla ya siku zake. Fundi anayelijua jambo hili, akakaza hivyo hivyo kwa kuwa mteja mwingine anasubiri, amekwisha kushiriki katika mchaniko utakaotokea miezi michache baadaye, awepo au asiwepo.

Wanateolojia wa Kiislamu wanaomfuata Abu al-Hasan al-Ash'ari, ambao mafundisho yao ya itikadi yana mizizi mirefu katika pwani ya Afrika Mashariki, walitafuta njia baina ya waliosema binadamu hana uwezo wowote na waliosema yeye ndiye muumba wa matendo yake. Walisema kwamba Mungu huumba tendo na binadamu hulichuma, na uchumaji huo, uitwao kasb kwa Kiarabu, ndio atakaoulizwa. Hadithi mashuhuri ya bedui aliyeamriwa kumfunga ngamia wake kwanza na ndipo amtegemee Mungu inakwenda njia hiyo hiyo. Katika mahubiri ya Kikristo wazo la karibu na hili huitwa uwakili, yaani kutunza kilicho cha mwingine kama atakayetoa hesabu. Kwa hiyo neno "Mungu akipenda", likitamkwa juu ya nati iliyokazwa sawasawa, ni dua. Likitamkwa badala ya kuikaza, ni kumtwika Mungu kazi ya spana.

Wanasheria nao waliligusa jambo hili chini ya jina la dhamana, yaani wajibu wa kufidia kilichoharibika mkononi mwa mtu. Ar-Rabii, mwanafunzi wa Imamu Shafii aliyefariki mwaka 820, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea zaidi pwani, amesimulia kwamba imamu huyo aliamini kuwa mfanyakazi wa ujira hadaiwi fidia asipozembea, lakini hakuitangaza rai hiyo kwa kuwaogopa mafundi wabaya. Hofu hiyo ya mwanachuoni inafundisha kuliko hukumu yenyewe. Maana uzembe hupimwa kwa kulinganisha na kazi iliyo sawa, na hapa kipuri ambacho kingekuwa kipimo hakipo tena sokoni.

Kipimo kinachobaki, basi, ni namna kipuri cha badala kitakavyokufa. Bushi ya tairi hulalamika kabla ya kufa: gari huanza kugonga chini, usukani huvuta upande mmoja, tairi huliwa ukingoni, na mwenye gari hupata siku za kurudi gereji. Boljointi, kifundo kinachoshika gurudumu na kuliruhusu kugeuka, haina huruma hiyo pindi ikichomelewa, kwa kuwa joto la kuchomelea hukiacha chuma kikiwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, nacho huweza kukatika ghafla na gurudumu likalala chini ya gari. Hapo hata ridhaa ya mwenye gari haitoshi, kwani anaweza kuiridhia hatari yake mwenyewe, lakini hawezi kumridhia mama anayevuka Mtaa wa Msimbazi na mzigo kichwani, ambaye hakuulizwa na hajui kwamba kuna kitu cha kuulizwa.

Fundi mwaminifu humkabidhi mteja bushi iliyochakaa mkononi na kumwambia: "Bosi, hii niliyoweka ni ya tairi, ikianza kugonga usiisubiri, irudishe." Kwa maneno hayo dhamana hugawanyika, na sehemu yake humfuata mteja nyumbani. Ugumu huja gari linapouzwa. Mtume, kama inavyosimuliwa, alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, akamkemea mwuzaji kwa kuuficha unyevu. Mnunuzi wa Starlet hana pa kutia mkono: huinama, huchungulia chini ya gari, huona nati safi na mpira mweusi, na kile ambacho fundi alikisema hakikuandikwa popote pale.