Nilisema "Sijui"

Nyanya aliniuliza swali moja, nikamjibu kwa neno moja: "Sijui." Mwaka umepita na hilo neno bado linanisumbua, kwa sababu lilikuwa kweli na wakati huohuo lilikuwa uongo.

Ilikuwa kwenye barabara ya Voi kwenda Taveta, upande wa Mwatate. Matatu yetu ilipata pancha, abiria tukatawanyika kutafuta kivuli. Chini ya mti mmoja alikaa nyanya akiuza ndizi na maembe, na kando ya beseni lake palikuwa na kopo la Kimbo lililojaa mawe. Mjukuu wake huyaokota shambani kila mvua ikinyesha. Mimi nakusanya mawe vile wengine wanakusanya viatu. Kwangu Umoja dirisha zima limejaa mawe, hadi mwenye nyumba huuliza kama nataka kujenga. Nikachutama.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Wewe unaonekana umesoma. Ebu niambie, hili la kijani ni nini?"

"Sijui, nyanya. Lakini ni zuri. Unaniuzia?"

Mia mbili. Nikalipangusa, nikalitia kwenye mfuko wa shati.

Sasa, kila anayefuatilia mawe anajua Taita Taveta ni nchi gani. Ni nchi ya tsavoraiti, ganeti ya kijani. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliiona kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha akaja kuipata huku kwetu. Mwaka 1974 dunia ikapewa jina lake, linalotokana na Tsavo. Nilipoona ile rangi, moyo uliruka. Nilikuwa na wazo, na lilikuwa wazo zito.

Lakini wazo si ujuzi, na hapo ndipo nilipojificha. Jiwe halitambuliwi kwa rangi. Kijani inaweza kuwa zumaridi, inaweza kuwa turmalini, inaweza kuwa kipande cha chupa kilicholainishwa na mchanga wa mto. Anayekuambia jina la jiwe kwa kulitazama tu, mara nyingi anabahatisha. Katika kazi hii "sijui" ni neno la heshima. Kwa hiyo nilijiambia nimesema ukweli, tena ukweli wa kisayansi.

Nyumbani nilianza kupima. Kwanza nilikwaruza chupa tupu kwa ncha ya jiwe, na chupa ikachorwa. Basi si kioo cha kawaida. Kisha uzito. Kwenye mizani ndogo kama ya sonara lilikuwa gramu 7.2. Nikaweka glasi ya maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikalining'iniza jiwe kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Mizani ikasoma 2.0. Gawanya 7.2 kwa 2.0, unapata 3.6. Zumaridi ni kama 2.7, turmalini hufika 3.1 hivi. Ganeti ya kijani ni 3.6. Nilikaa kitandani nikalitazama jiwe muda mrefu.

Mtaalamu wa vito mjini alimalizia kazi kwa lenzi yake na kifaa cha kupima jinsi mwanga unavyopinda. "Tsavoraiti. Lakini imejaa nyufa. Pembe mbili tu ndizo safi. Inaweza kuwa na thamani ya elfu sita hivi." Si utajiri. Ni mara thelathini ya nilicholipa.

Rafiki zangu waliniambia niache drama. Mmoja aliniuliza: ukienda Gikomba ukapata koti la maana kwa mia na hamsini, unamwambia muuzaji bei yake halisi? Humwambii. Unalipa, unatembea haraka. Ujuzi wako umekugharimu miaka, kwa nini uugawe bure? Mwingine, anayesomea sheria, alikumbusha kwamba Sheria ya Madini ya 2016 inasema madini ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa shambani kwako. Kwa hiyo jiwe halikuwa langu wala la nyanya.

Hoja ya sheria inajibu swali la nani mwenye jiwe. Haijibu kama nilidanganya. Hoja ya Gikomba ni ngumu zaidi, na nimeizungusha kichwani sana. Naona tofauti ni hii: yule wa Gikomba hakuniuliza kitu. Ni mfanyabiashara, anaijua kazi yake, na tunapimana nguvu kwa bei. Nyanya hakuanza na bei. Alianza na "ni nini?" Mtu akikuuliza hivyo, kwa sekunde hiyo wewe si mteja tena. Amekuweka mahali pa mwalimu. Nilikubali kukaa hapo, halafu nikajibu kama mteja.

Na jibu la kweli lilikuwepo, wala si refu: "Sina hakika, lakini linaweza kuwa la thamani. Usiliuze kabla halijapimwa." "Sijui" yangu ilificha nusu ya kile nilichokuwa nacho. Ukosefu wa hakika niliutumia kama pazia.

Historia ya vito vyetu imejaa umbali huu kati ya anayeokota na anayetaja jina. Tanzanaiti ilipoonekana Merelani mwaka 1967, wapo walioidhania yakuti samawi. Jina ililonalo lilitoka kwa Tiffany wa New York mwaka uliofuata. Jumanne Ngoma, anayetajwa kuwa aliyeigundua, alitambuliwa na Rais Magufuli mbele ya taifa mwaka 2018. Alifariki mwaka 2019. Simlinganishi nyanya na Ngoma. Nasema tu kwamba anayeokota husubiri sana kusikia alichookota, na siku ile chini ya mti ningeweza kufupisha huo muda kwa sentensi mbili.

Mwezi wa nane nilirudi. Nilimkuta palepale, kopo palepale. Nikamwekea jiwe mkononi, nikamweleza kila kitu pamoja na ile elfu sita. Nilitegemea ashangae. Alicheka.

"Nilijua unajua. Mtu asiyejua hapangusi jiwe kabla ya kulitia mfukoni."

"Mbona uliniuzia?"

"Nilitaka kuona kama utarudi. Na siku hiyo nilihitaji hiyo mia mbili."

Nilitaka kuomba msamaha, lakini alikuwa ameshalirudisha jiwe kwenye kopo na kumwita mjukuu wake. "Huyu ndiye wa kufundishwa. Mimi macho yamechoka." Kuhusu mia mbili yangu, alisema ilishaliwa.

Basi tukakaa chini, mimi na kijana wa darasa la sita, na chupa ya soda iliyovunjika. Mengi hayakuikwaruza. Machache yaliikwaruza. Akainua moja lenye rangi ya damu iliyokauka, akaniuliza ni nini.

Nikamwambia sijui. Halafu nikamwambia ninachodhani, na kwa nini nadhani hivyo, na jinsi tunavyoweza kujua.