Chuo Chenye Jina na Chuo Chenye Heshima

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa serikali yakisha kutangazwa, kuna nyumba nyingi katika Kongo ambamo watu hawalali mapema. Kijana amefaulu. Amekwisha kumwagiwa poda nyeupe kichwani, nyimbo zimekwisha kuimbwa njiani, na wageni wamerudi kwao. Ndipo baba anauliza swali lililo gumu kuliko yote ya mtihani: «Mtoto huyu tumpeleke chuo gani?»

Mjomba anataja chuo kikuu cha mji mkubwa. Jina lake linajulikana na kila mtu, hata muuza samaki sokoni. Mwalimu mzee, jirani yao, anataja chuo kingine, kidogo, cha mji wa mbali. Mama anashangaa: «Mwalimu, chuo hicho mbona hakuna anayekijua?» Mwalimu anajibu polepole: «Mama, waganga wa hospitali wanakijua.»

Hapo pana jambo la kufikiri. Mjomba na mwalimu wote wawili wanasema habari ya sifa, lakini sifa zenyewe si moja. Tuzitenganishe, maana watu wengi huzichanganya, na kuzichanganya huko kumewagharimu mashamba na ng'ombe.

Kuna kujulikana na wengi, na kuna kuheshimiwa na wajuzi. Kila mtaa una mwashi mmoja ambaye jina lake limeandikwa kwa rangi kubwa kwenye ukuta wa barabara. Tena, mara nyingi, una mwashi mwingine asiye na maandishi yo yote, lakini waashi wenzake, nyumba zao zikipasuka, humwita yeye. Wa kwanza ana jina. Wa pili ana heshima. Pengine mtu mmoja huwa na vyote viwili, na hilo ni jambo jema. Lakini si lazima, na anayejenga nyumba yake afadhali ajue ni kipi anachokinunua.

Mambo ya vyuo ni vivyo hivyo. Tutazame Ufaransa. Neno «Sorbonne» limefika hata vijijini kwetu. Mtu akisema «Nilisoma Sorbonne», watu hunyamaza na kumpisha kiti. Lakini katika mji huo huo wa Paris kuna shule iitwayo École normale supérieure, iliyoanzishwa mwaka 1794. Mzee wa Kongo akisikia «école normale», atakumbuka shule ya walimu iliyokuwa karibu na misioni, ambamo vijana walifundishwa kuandika vizuri ubaoni na kutunza bustani. Atasema: «Kumbe, mtoto amekwenda Ulaya yote hiyo ili awe mwalimu wa shule ya chini!» Hajui kwamba shule hiyo huchukua wanafunzi wachache tu, kwa mashindano makali, na kwamba wataalamu wa Ufaransa huiweka juu sana. Louis Pasteur, aliyewafundisha waganga habari ya vijidudu, aliingia humo mwaka 1843. Aimé Césaire, kijana wa Martinique aliyekuwa baadaye mshairi mkubwa wa watu weusi, aliingia mwaka 1935. Mbele ya wajuzi jina la shule hiyo ni la fahari. Mbele ya jirani yetu ni jina la kawaida kabisa.

Na hiyo Sorbonne yenyewe, je? Asili yake ni nyumba iliyoanzishwa karibu na mwaka 1257 na padri mmoja, Robert de Sorbon, ili wanafunzi maskini wapate mahali pa kulala na kujifunza teolojia. Mwanzoni basi ilikuwa kimbilio la watu wasio na kitu. Baadaye jina lilikua, hata likawa jina la chuo kikuu chote cha Paris katika vinywa vya watu. Kisha, baada ya machafuko ya mwaka 1968, chuo kikuu hicho kiligawanywa, na mwaka 1970 vikatokea vyuo vikuu 13. Zaidi ya kimoja kikaendelea kubeba neno Sorbonne katika jina lake. Basi mtu akikwambia «Nilisoma Sorbonne», hujajua bado alisoma nini, wala kwa nani, wala kwa bidii gani.

Sisi wa Kongo tuna mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 1425 Papa Martin wa Tano aliruhusu chuo kikuu kianzishwe mjini Leuven, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji. Mwaka 1954 binti wa Leuven akafunguliwa juu ya kilima karibu na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Akaitwa Lovanium, yaani Leuven kwa Kilatini. Hata jina lilikuwa la kuazima kwa mama! Walakini kazi ilikuwa kazi ya kweli: mwaka 1959 mtambo wa nguvu za atomu uliwashwa hapo, wa kwanza katika Afrika nzima. Mwaka 1956 chuo kikuu kingine kilikwisha kufunguliwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, na mwaka 1963 cha tatu kikaanza mjini Kisangani.

Yakawaje majina hayo? Leuven yenyewe ilianza kugawanyika mwaka 1968 kwa ugomvi wa lugha, Waflamandi upande huu na wasemao Kifaransa upande ule. Hata vitabu vya maktaba viligawanywa, na watu husimulia mpaka leo jinsi vilivyogawanywa kwa namba: moja, tatu, tano huku, mbili, nne, sita huko. Na Lovanium? Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyuo vikuu vyote vitatu kuwa kimoja cha taifa, na jina la Lovanium likafutwa. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena, lakini jina lile halikurudi mlangoni.

Fikirini jambo hili. Kijana aliyeingia Lovanium kwa ajili ya jina alinyang'anywa kwa karatasi moja ya serikali kile alichokifuata. Lakini yule aliyejifunza kusikiliza moyo wa mgonjwa, au kupima udongo, au kusoma sheria bila kupindisha, hakuna serikali iliyoweza kumfuta hayo. Jina la chuo hukaa mikononi mwa wengine, nao wanaweza kuligawanya au kulibadili. Maarifa hukaa ndani ya mtu.

Sasa nasikia baba mmoja akinung'unika: «Ninyi waandishi mwasema vizuri, lakini hamjui njaa. Mwanangu hana mjomba katika biro yo yote. Mwenye kazi ana barua mia mezani, hana nafasi ya kumchungua kila mmoja. Ataona jina analolijua, atamwita huyo. Kwa mtoto wa mkulima, jina la chuo ndilo mjomba wake.»

Neno hili ni la kweli, na tusilidharau. Mtoto wa mtu mkubwa aweza kusoma chuo kisichosikika, kwa maana jina la baba yake litamfungulia mlango. Maskini hana jina lingine la kutanguliza. Kumwambia maskini kwamba jina si kitu ni kumwambia mwenye kiu kwamba kikombe si kitu: ni kweli kwamba anywacho ni maji, lakini atayachota kwa nini?

Lakini nimuulize baba huyo swali moja: jina lijulikane na nani? Majirani watakaoshangilia siku ya diploma si wao watakaotoa kazi. Atakayetoa kazi ni mganga mkuu wa hospitali, au injinia wa kampuni ya migodi, au jaji. Mtu wa namna hii amekwisha kuwaona vijana wengi wakitoka vyuo vingi. Anajua ni chuo gani hutoa muuguzi anayejua kufunga jeraha, na ni chuo gani hutoa muuguzi anayejua kuvaa koti jeupe. Basi baba aende akamuulize huyo kabla ya kuuza shamba. Safari ya siku moja na maswali mawili yanaweza kumwokoa na hasara ya miaka mitano. Akiona kwamba chuo chenye jina ndicho wanachokiamini wajuzi wa kazi hiyo, vema, ampeleke huko. Na ikiwa kijana bado hajui kazi atakayoifanya, jina lililoenea lina faida yake, maana litamfuata katika njia nyingi. Ninalolikataa ni kufuata kelele tu. Wazee walisema kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka.

Tena nisiwape wajuzi sifa kupita kiasi. Nao hukosea, na heshima yao huchelewa. Padri Georges Lemaître, profesa wa Leuven, aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu wa nyota unatanuka. Aliandika kwa Kifaransa, katika gazeti la wataalamu la Ubelgiji ambalo wengi wa mataifa mengine hawakulisoma. Ilingojewa mpaka mwaka 1931 ndipo maandishi yake yalipotolewa kwa Kiingereza mjini London, kwa msaada wa Eddington wa Cambridge aliyekuwa mwalimu wake. Na mwaka 2018 tu ndipo wanajimu wa dunia walipokubali kwa kura kwamba kanuni ile, iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Hubble peke yake, iitwe pia kwa jina la Lemaître. Miaka 91! Lakini mwaka 1927 neno lake lilikuwa kweli sawasawa na leo. Nyota hazikungoja kura.

Kuna mfano wa zamani zaidi, unaotugusa sisi Wakristo. Katika karne ya 13 hakuna shule iliyopita Paris kwa sifa. Kijana Thoma wa Akwino alikuwa huko, mwanafunzi wa Alberto Mkuu. Mwaka 1248 shirika lake la Wadominiko lilimtuma Alberto mjini Köln, Ujerumani, akaanzishe nyumba mpya ya masomo. Nyumba mpya ina jina gani? Haina. Thoma akamfuata mwalimu wake huko, akakaa naye karibu miaka minne, kisha akarudi Paris kufundisha. Hatuwezi kusema kwamba alichagua mwenyewe, kwa maana alikuwa mtawa mtiifu. Lakini twaweza kuona kwamba hakupata hasara yo yote. Mahali palikuwa pageni, mwalimu alikuwa yule yule.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Fedha ya jina hutoka wapi? Katika nyumba nyingi hutoka katika masomo ya wengine. Kaka anapelekwa chuo cha fahari kilicho mbali, chenye karo kubwa na nyumba ya kupanga. Dada yake aliyefaulu vilevile anaambiwa angoje mwaka ujao, na mwaka ujao haufiki. Laiti kaka angekwenda chuo kizuri kilicho karibu, wangesoma wote wawili. Hapo swali si la akili tena, limekuwa swali la haki. Baba anayelipa ili majirani waseme «mwanawe yuko chuo fulani» na ajiulize mbele ya Mungu: ninamnunulia mtoto elimu, au ninajinunulia mwenyewe kofia, kwa fedha ya binti yangu?

Tangu mwaka 1989 vyuo vingi vipya vimefunguliwa katika nchi yetu. Vingine vimekwisha kupata heshima kwa kazi yao, kama Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, kilichoanza mwaka huo. Vingine ni kibao mlangoni na kiti cha rekta. Kibao hakitakusaidia kuvitambua. Basi ulizeni maneno haya manne. Je, serikali imekikubali chuo hicho na diploma zake? Walimu wanakaa na wanafunzi, au wanapita kama treni? Waliomaliza miaka mitano iliyopita wako wapi, na wakubwa wao wa kazi wasemaje? Na karo yake, je, itawaacha watoto wengine wa nyumba nao wasome?

Turudi kwenye nyumba ile ya usiku. Taa ingali inawaka. Mjomba amechoka kusema, mwalimu mzee amekwisha kuaga. Kijana, ambaye hakuna aliyemuuliza neno tangu jioni, amekaa pembeni na poda bado imo nywelini. Baba, mgeukie sasa. Muulize anataka kuwa mtu wa kazi gani, na atamfaa nani kwa kazi hiyo. Jibu lake litawaonyesha mlango wa kubisha. Na siku moja, akifanya kazi yake kwa uaminifu, watu watauliza: «Mtu huyu alisoma wapi?» Hapo atakipa chuo chake jina.