Mbawakawa na Kuvumwani: Lawama Yamfuata Nani?

Viko viumbe viwili vilivyohamishwa kwao bila ya kutaka. Kimoja kimetangazwa kuwa adui, na cha pili watu hukipita bila ya kukitupia jicho. Cha kwanza ni mbawakawa wa Asia, mweusi wa kung'aa mwenye madoa meupe, ambaye papasi zake ni ndefu kuliko mwili wake. Cha pili ni namna ya kuvumwani, mmea mororo utandao juu ya mchanga, ambao asili yake ni nchi za kusini ya dunia.

Mbawakawa huyo alionekana Brooklyn, mjini New York, mwaka 1996, naye aliingia ndani ya makasha ya mbao yaliyotoka Uchina. Jike hutafuna gome la mti na kutaga yai. Buu hula chini ya gome, kisha hubungua mpaka moyo wa mti. Huko Worcester, alikoonekana mwaka 2008, imekatwa miti zaidi ya 30,000.

Kuvumwani haina kishindo. Ilionekana Uingereza mwaka 1941, na leo yafunika vilima vya mchanga vya pwani ya Uholanzi. Mimea midogo ya mchanga mtupu hukosa nafasi, na buibui waliouzoea mchanga huo hupungua. Hapana mti uangukao, wala mtu aliaye.

Wako wasemao kuwa mbawakawa ni mwovu na kuvumwani haina hatia. Maneno haya hayasimami. Uovu hutaka nia, na nia hutaka akili. Buu halijui Uchina wala Marekani, lajua ladha ya mti tu. Na huko Uchina kwenyewe balaa lake lilizidi watu walipopanda mipopla kwa mamilioni, safu kwa safu, wakamwandalia karamu.

Basi lawama yamfuata mwenye akili. Utauliza, ndugu msomaji: asiyejua atalaumiwaje? Pengine halaumiwi. Lakini mwaka 2002 mataifa yalikubaliana kuwa mbao za makasha zitiwe joto mpaka moyoni mwake lifike digrii 56 kwa dakika 30, au zifukizwe dawa, kisha zigongwe muhuri. Aghushiye muhuri huo baada ya hapo hana udhuru.

Kwangu mimi, kuvumwani ndiyo mtihani mgumu zaidi. Mbawakawa aliwanyang'anya watu vivuli vya barabara zao, wakamtungia sheria upesi. Je, walichukia madhara, au walichukia hasara yao? Buibui wa mchanga wa Uholanzi hana duka wala kiti barazani, wala hapana aliyemgongea muhuri.