Nani Aliwapa Ruhusa ya Kuitwa Jazz?

Kuna swali limekuwa likizunguka Musoma kwa wiki kadhaa sasa, kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye simu za watu wanaopenda muziki: Shirati Jazz ni jazz? Ukilisikia haraka haraka utadhani ni swali la watu wasio na kazi. Lakini safari hii lina matokeo. Vijana fulani ninaofahamiana nao wanaandaa msimu wa maonyesho ya jazz katika ukumbi mmoja wa mjini, jioni moja kila mwezi, na rasimu ya ratiba imeshaanza kupita mikononi mwa watu. Katika rasimu hiyo, bendi ya wageni kutoka jiji kubwa itapanda jukwaani saa mbili usiku, kwa malipo. Wazee wa huku kwetu wanaopiga benga wamepangiwa saa kumi na mbili jioni, wakati watu bado wanatafuta viti na kuagiza vinywaji. Hao watapewa nauli na soda. Sababu iliyotolewa ni moja tu: wanachopiga siyo jazz halisi.

Mimi ni mwandishi wa habari, sipigi ala yoyote, na sina ugomvi na bendi ya wageni. Ninachokiona ni kwamba hoja ya muziki imebebeshwa mzigo usio wa muziki. Chini yake kuna swali la maadili: jina ni mali ya nani? Na nani ana haki ya kumnyang'anya mtu jina alilojiita maisha yake yote, halafu atumie unyang'anyi huo kupunguza malipo yake?

Tuanze na jina lenyewe. Jazz ilizaliwa Marekani, na mji unaotajwa kwanza siku zote ni New Orleans, miongoni mwa watu Weusi ambao mababu zao waliuzwa kama bidhaa. Neno hilo halikuchelewa kutufikia. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu miaka ya 1930. Morogoro Jazz ilianza 1944, Western Jazz 1959, na mwaka 1964 ikaja NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, ambayo baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa leo tunaiita Msondo Ngoma. Tabora ilikuwa na Jazz yake, Kilwa yake, na Tanga ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kule Kongo, kulikuwa na African Jazz ya 1953 na OK Jazz ya 1956.

Sasa, walikuwa wanapiga nini? Hasa rumba na chacha. Walijifunza kwa kiasi kikubwa kutoka kwenye santuri za Kyuba, zile za mfululizo wa GV zilizoanza kusambazwa Afrika miaka ya 1930, kisha wakazitia midundo na maneno ya kwao. Kila bendi ikawa na mtindo wake: Saboso kwa Western, Segere Matata kwa Tabora, Msondo kwa NUTA. Ukichukua kipimo cha Duke Ellington ukakiweka juu ya bendi hizi, nyingi hazitafikia. Hilo nakubali bila shida.

Rafiki yangu mmoja, ambaye yuko kwenye kamati ya hao vijana na anaijua jazz ya Marekani kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, ana hoja mbili, na zote zinastahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza: neno likikosa mipaka linakufa. Ukiita kila gitaa jazz, kesho ukitaka kusema jazz utakosa neno. Ya pili ni nzito zaidi. Anasema jina hilo limebeba machozi ya watu wengine. Kulichukua na kulibandika kwenye dansi la Jumamosi ni kama kuvaa nguo ya msiba ya jirani uende nayo harusini.

Hoja hii ya nani anaruhusiwa kuchukua cha nani si ngeni katika mkoa huu. Mtu aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 aliibeba kichwani miaka mingi. Desemba 1962, Julius Nyerere alipoapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na akalalamika kwamba wasomi wetu walikuwa wamefundishwa kucheza rumba na chachacha huku ngoma za kwao hawazijui hata kwa majina. Ukimsikiliza hapo, utadhani angeifungia nje kila bendi yenye jina la Kizungu.

Lakini mtu huyohuyo alikaa na kalamu akamtafsiri Shakespeare. Julius Caesar ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba Brutus anayezungumza Kiswahili siyo Brutus halisi, au kwamba mtoto wa chifu wa Kizanaki hakuwa na haki ya kumgusa. Tunaona fahari tu. Kwa hiyo Mwalimu hakuwa anapinga kuchukua. Alichokuwa anakipinga, kwa jinsi ninavyomsoma, ni kuchukua cha mwenzako kwa kuona aibu na chako.

Ongeza na hili. Novemba 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa kuonekana ni uharibifu wa kigeni. Wakati huohuo bendi zilizojiita Jazz zilikuwa zinapiga kama kawaida, na NUTA Jazz ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi kilichofungamana na TANU na serikali. Soul na jazz zote ni za Wamarekani Weusi! Tofauti ni kwamba moja ilionekana ngeni na nyingine ilishakuwa ya nyumbani. Miaka thelathini na ushee ya watu kucheza, kuchumbiana na kuzikana kwa muziki wa bendi za Jazz ilikuwa imelifanya neno hilo la Kiswahili. Hakuna kamati iliyokaa kuamua. Lilihamia, likapewa chumba.

Hapo ndipo namleta mtu wa kwetu. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 Nyamagongo, jirani na Shirati, ambako leo ni wilaya ya Rorya. Alivuka mpaka akaenda Kenya, akajijenga huko kimuziki, na bendi yake akaiita Shirati Jazz. Aliimba hasa kwa Kijaluo, kwa mafumbo na visa vya Biblia ambavyo wasikilizaji walijua vinamlenga nani, na aliwahi kuwekwa ndani kwa sababu ya nyimbo zake. Mwaka 1987 bendi ilifika Uingereza, ikarekodiwa huko. Misiani alifariki Mei 2006 kwa ajali ya barabarani huko Kisumu. Wapo wanaomwita baba wa benga, wapo wanaomwita babu.

Litazame jina la bendi yake vizuri. Lina maneno mawili, na ukitaka ukali wa vipimo, yote mawili yanaanguka. Jazz siyo, kwa kipimo cha New Orleans. Lakini hata Shirati siyo, maana bendi ilikuwa na makao Kenya na wanamuziki wake wengi walitoka huko. Mbona neno la kwanza hatuligombanii? Kwa sababu tunaelewa mara moja kwamba mtu akiondoka kwao hubeba jina la kwao, na kwa kulibeba anatuambia anatoka wapi. Neno la pili naona linafanya kazi kama hiyo: linatuambia alikuwa anaelekea wapi. Gitaa la umeme, suti, jukwaa, mkataba wa santuri. Alitaka kuhesabiwa miongoni mwa watu wanaofanya muziki kama kazi yenye hadhi.

Utaniambia: basi hata mimi nijiite daktari kwa sababu naelekea huko? Hapana. Fundi akijitangaza stendi ya Bunda kwamba anajua breki, na hajui, abiria wa kwenda Mwanza ndio watakaolipa. Jina likiwa ahadi, na mtu akaumia kwa kuliamini, huo ni uongo. Sasa nionyeshe aliyeumia kwa Shirati Jazz. Waliokwenda kwenye dansi walikwenda kucheza, wakacheza. Mwanamuziki wa New Orleans hakupungukiwa hata senti. Kuhusu ile hoja ya machozi, mimi naiona kinyume na rafiki yangu. Mtu mweusi chini ya mkoloni, Tanganyika au Kongo, aliyechagua jina la muziki wa watu weusi waliokataa kunyamaza, hakuvaa nguo ya msiba ya jirani. Alikuwa ndugu, amekuja na msiba wake.

Kipimo ninachokipendekeza, basi, ni hiki: mtu aitwe jina alilojiita, mpaka ionekane kwamba jina hilo linamdhulumu mtu mwingine. Na kipimo hiki kinakata pande zote mbili. Kuna wenzangu ambao kwa nia njema wanataka mpiga litungu wa Kikurya naye aingizwe kwenye msimu kwa kuitwa "jazz asilia". Hapana jamani. Mpiga litungu hajawahi kuomba jina hilo. Lake analo, na ni kongwe kuliko la jazz. Akialikwa, aalikwe kama mpiga litungu. Kumpa jina la ukumbi ili aruhusiwe kuingia ukumbini ni dharau iliyopakwa asali.

Mzee mmoja wa Bunda, aliyepiga gitaa la besi ujanani, nilimwamkia na kumuuliza kama wao walikuwa wanapiga jazz. Akacheka sana. "Mwanangu, sisi tulikuwa tunapiga mpaka asubuhi." Halafu, bila kuulizwa, akaniambia kwamba kwenye bendi yao kukosea nota lilikuwa jambo la kusameheka. Kosa lisilosameheka lilikuwa kupiga bila kumsikiliza mwenzako. Mwenye solo akipanda, wewe wa besi unamshikia chini mpaka ashuke salama.

Kiswahili kina utajiri hapa ambao hatuutumii. Tuna kusikia, ambako hakuhitaji juhudi. Lori likipita barabara ya Mukendo utalisikia tu. Tuna kusikiliza, ambako unatoa muda na nafsi yako. Na tuna kusikilizana, neno ambalo pia lina maana ya kuelewana na kupatana. Alichokieleza mzee wa Bunda ni kusikilizana, na ukiwauliza wapenzi wa jazz ya Marekani wanapenda nini hasa, mwisho wa maelezo yao marefu watafika hapohapo.

Ndiyo maana siupingi ukumbi. Wapo watakaosema muziki wetu haukai kwenye viti, ni wa kucheza, muuache kwenye harusi na baa. Najua hoja hiyo, na nusu yake ni kweli. Lakini nimehudhuria harusi nyingi kuanzia Bunda hadi Musoma, na nimeona jinsi wanamuziki wazee wanavyosikika bila kusikilizwa: mshereheshaji anaongea juu ya solo, kipaza sauti kinakatwa katikati ya wimbo, malipo yanasubiri hesabu ya michango. Mtu aliyepiga miaka arobaini anastahili angalau jioni moja ambapo watu mia wamenyamaza kwa ajili yake. Ukumbi unaweza kumpa hilo. Sasa ratiba iliyopo inampa jukwaa na kumnyima ukimya. Inamrudisha kwenye harusi, isipokuwa safari hii wali hakuna.

Wanasema fedha hazitoshi. Naamini, sijawahi kuona mradi wa sanaa Tanzania wenye fedha za kutosha. Lakini uhaba una namna mbili za kugawanywa, na moja ni kumshushia wote yule asiyeweza kugoma. Tangu 1999 tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, tunaitaja kwenye warsha kila mwaka, na bado kwenye rasimu ya ratiba jasho la mzee linathaminiwa kwa soda. Kama fedha hazitoshi kuwalipa wote, jioni sita ziwe tatu. Kama wageni wana thamani ya saa mbili usiku, basi mwezi mmoja wafungue wao. Na tangazo liseme wazi: huyu anapiga jazz ya Marekani, huyu benga, huyu litungu. Hapo mnunuzi wa tiketi hatadanganywa, na rafiki yangu atakuwa amepata mipaka yake bila kumpokonya mtu jina. Viti vya nyuma viondolewe, anayetaka kucheza acheze.

Ratiba bado ni rasimu. Ewe msomaji wa Musoma, Bunda au Butiama, tangazo likitoka, kabla hujatoa hela yako uliza mlangoni jambo moja: wanaofungua jioni hii wanalipwa shilingi ngapi?