Amana ya Ardhi Iliyochimbwa

Iwapo mchimbaji anawajibika kwa ardhi yenyewe, au kwa mkaguzi tu, ni swali la kimaadili kabla ya kuwa la kisheria. Nchini Kenya, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inadai dhamana ya mazingira, yaani fedha za kuhakikisha kwamba eneo lililochimbwa litakarabatiwa. Hata hivyo, mkaguzi hupima miteremko na mashimo yaliyofukiwa, wala hawezi kupima nia. Kuhusu nia hiyo, dini zina la kusema: Uislamu humwita mwanadamu khalifa, yaani msimamizi aliyekabidhiwa dunia kama amana, na kitabu cha Mwanzo humweka bustanini ailime na kuitunza, hivyo katika mafundisho yote mawili mtumiaji si mmiliki. Machimbo ya mawe ya chokaa ya Bamburi, Mombasa, yanathibitisha kwamba wajibu wa kuitunza ardhi unatekelezeka, kwani kuanzia mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alipanda mivinje juu ya mwamba mtupu, majongoo wakasaga majani yaliyoanguka yakawa mboji, na msitu ukastawi. Kwa hiyo ukaguzi ni wa lazima, lakini haki ya ardhi hutimia pale mchimbaji anapojihesabu kuwa mdaiwa wa vizazi vijavyo, hata pasipo na wa kumkagua.